Naomba ushauri: nimwombe radhi baada ya miaka yote hii, au nimwache na amani yake?

Ndugu zangu, naombeni busara zenu. Mwaka 2008, nikiwa kidato cha pili Kanda ya Ziwa, wakati ambapo watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, darasani kwetu alikuwepo kijana mwenye ualbino ambaye tulimwita "dili". Jina hilo nililianzisha mimi. Nakumbuka alivyokuwa akisogeza dawati hadi karibu kugusa ubao ili aweze kusoma, kofia yake ikiwa mapajani, na sisi nyuma tukinong'ona bei yake kana kwamba ni mbuzi wa mnadani. Muhula uliofuata hakurudi.

Miezi minne iliyopita mke wangu alijifungua binti mwenye ualbino. Daktari alitueleza kwamba mtoto huirithi hali hiyo kwa wazazi wote wawili, hata kama wao wenyewe hawaionyeshi. Kumbe nilichokuwa nikikicheka nilikuwa nimekibeba mwilini mwangu. (Aibu, niseme ukweli, ilikuwa imeanza kunitafuna kabla ya hapo.)

Sasa nimepata namba ya mwenzangu huyo, ambaye siku hizi ni fundi cherehani. Nashindwa kuamua kama nimpigie, au nitakuwa namtonesha kidonda ili mimi nipate usingizi. Je, nimweleze habari za binti yangu, au ataona natafuta huruma? Ningependa hasa kuwasikia wenye ualbino, na yeyote aliyewahi kuombwa radhi baada ya miaka mingi.