Mnaponda episodi za wahusika wadogo bila hata kuzitazama, na leo nimechoka

Wadau, nimevumilia vya kutosha. Kila tamthiliya ya vichekesho inapotoa episodi moja, moja tu katika msimu mzima, ambayo inawaweka kando wahusika wakuu na kuwaachia uwanja wale wanaokaa nyuma yao siku zote, maoni yanayomiminika yanafanana kana kwamba yamenakiliwa kutoka kwa mtu mmoja: ni ya kujazia, nimeiruka, steringi yuko wapi, nyota moja. Sina ugomvi na mtu ambaye hakucheka, maana kucheka hakulazimishwi. Ugomvi wangu ni kwamba maoni hayo hayaihusu episodi yenyewe hata kidogo. Yanamhusu mtu ambaye hakuwemo.

Yasomeni kwa makini mtaona. Hakuna anayetaja tukio lililoburuta, hakuna anayeeleza ni utani gani ulidondoka chini, hakuna anayesema mwigizaji fulani alizidisha au mwongozaji alichelewa kukata. Ni sawa na shabiki aliyefika uwanjani, akaona mshambuliaji anayempenda yuko benchi, akageuka na kurudi nyumbani kabla filimbi haijapulizwa, kisha usiku akaanza kutuchambulia mchezo. Mtu huyo tungemcheka. Kwenye vichekesho tunampa nafasi, tunahesabu nyota zake pamoja na za wengine, na wastani wa episodi unaporomoka kwa sababu ya watu ambao walisogeza mbele hadi mwisho.

Nianze na mfano ulionikera zaidi. Mwaka 2018 kituo cha televisheni cha Fox cha Marekani kiliiacha Brooklyn Nine-Nine, tamthiliya ya vichekesho kuhusu kituo cha polisi, kituo kingine cha NBC kikaichukua, na msimu wa sita ukaanza Januari 2019. Mwanzoni mwa msimu huo tulipewa episodi yenye jina la Hitchcock na Scully, wale wapelelezi wawili wazee ambao kwa misimu mitano kazi yao ilikuwa kula, kusinzia na kukwepa kila jambo linalowataka wanyanyuke kitini. Inafunguka kwa kuturudisha miaka ya 1980, na hao wawili ni vijana wenye miili iliyojengeka, nywele zimepangwa, wanaingia kwenye hatari kama mashujaa wa sinema za kipolisi za enzi hizo. Jake Peralta, steringi mwenyewe, yumo humo, wala hakunyimwa kazi, kwa kuwa ndiye anayewashuku kwamba waliiba fedha katika kesi ya zamani ya majambazi. Ukweli unapotoka, fedha zile walimpa mwanamke aliyewasaidia kutoa habari, baada ya ulinzi alioahidiwa kuyeyuka. Ghafla ule uvivu wao tuliouzoea unapata historia nyuma yake. Hawakuzaliwa hivyo.

Hata hiyo nimeikuta imeitwa ya kujazia! Mtu ametazama misimu mitano akiwacheka wazee wawili, siku anapoelezwa kwa nini anawacheka, anasema anapotezewa muda.

Hoja mnayoipenda kuliko zote ni kwamba episodi za namna hii hazisogezi hadithi. Naomba mniambie, hadithi gani, na isogee iende wapi? Hii ni tamthiliya ya vichekesho, yenye takribani dakika 22 ndani ya nusu saa baada ya kuondoa matangazo, na sehemu kubwa ya utamaduni wake ni kwamba mambo yanavurugika katikati na mwishoni kila mtu anarudi kwenye kochi lake, kiti chake au kaunta yake, tayari kwa wiki ijayo. Seinfeld, ambayo wengi wenu mnaiheshimu, iliendeshwa kwa kanuni kwamba wahusika wasikumbatiane na wasijifunze chochote. Mnawadai wahusika wadogo maendeleo ambayo wakubwa hawajawahi kuwapeni, na hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba kilio cha hadithi kuu ni kisingizio. Ingekuwa ni steringi amekwama ndani ya lifti kwa dakika 22 bila lolote kusogea, mngeiita kazi ya kipaji.

Tena mnasahau kwamba baadhi ya hao mnaowaita wakubwa walitokea pembeni. Happy Days ilipoanza mwaka 1974, mhusika mkuu alikuwa Richie Cunningham na familia yake, Fonzie akiwa kijana wa pikipiki anayepita nyuma kwa maneno machache. Steve Urkel aliandikiwa episodi moja tu katika msimu wa kwanza wa Family Matters, halafu ikashindikana kumwondoa, na Family Matters yenyewe ilizaliwa kutokana na mhusika wa pembeni wa Perfect Strangers, mama aliyekuwa akiendesha lifti. Frasier Crane aliingia Cheers mwaka 1984, msimu wa tatu, kama mwanamume atakayekaa katikati ya wapenzi wakuu, Sam na Diane, kwa muda kisha aondoke. Hakuondoka. Mwaka 1993 akapata tamthiliya yake, ikaenda misimu 11 na kujikusanyia tuzo 37 za televisheni za Emmy. Kama watazamaji wa wakati ule wangekuwa na tabia yenu, ya kumfungia mlango kila ambaye jina lake halipo mwanzo wa orodha, hao wote wangeishia kupita nyuma ya kamera wakibeba trei.

Sasa hapa kuna unafiki ambao siwezi kuufumbia macho. Haohao wanaoziponda episodi hizi ndio wanaosambaza kila mwaka kile kipande cha katuni ya The Simpsons cha Mwalimu Mkuu Skinner akimwalika bosi wake, Msimamizi Chalmers, kwa chakula cha mchana. Nyama inaungua kwenye oveni. Skinner anachungulia dirishani, anaona mgahawa wa baga ng'ambo, anaanza kutoroka, na Chalmers anamkuta mguu mmoja umeshapanda dirishani, naye anajibu kwamba ananyoosha misuli. Baga zinaletwa mezani kama mapishi yake mwenyewe, jiko linawaka moto nyuma ya mlango, na mwanga wa moto huo anauita mwanga wa ncha ya kaskazini, ambao eti umejitokeza ndani ya jiko lake tu. Chini ya dakika tatu, watu wawili, meza moja. Mmeicheka kwa miaka, mmeikata na kuiunganisha upya kwa mitindo isiyohesabika.

Kipande hicho kinatoka katika episodi ya mwaka 1996, msimu wa saba, ambayo nzima ilitengenezwa kwa kuzunguka mji na kuwapa zamu wakazi wa pembeni, mmoja baada ya mwingine, huku Homer na Bart, wahusika wakuu, wakibaki na sehemu ndogo. Ndiyo. Ni episodi ya wahusika wadogo. Ndiyo ile aina mnayosema ifutwe.

Ninakubali kwamba kuna swali halali ndani ya kelele hizi, ila limefunikwa. Mhusika mdogo katika vichekesho mara nyingi ni mhusika bapa kwa makusudi. Ana tabia moja, utani mmoja, anaingia, anaurusha, anatoka kabla haujapoa. Je, mtu wa namna hiyo anaweza kubeba dakika 22? Akirudia utani wake ule ule mara ishirini, anachosha, na akigeuzwa ghafla kuwa mtu wa machozi na hotuba, anakuwa mtu mwingine kabisa aliyeazima sura. Waandishi wazuri wanalijua tatizo hili na wamelitafutia njia. The Simpsons waliikata episodi vipande vifupi, hakuna anayekaa hadi akauchosha utani wake. Hitchcock na Scully walipewa siri ya zamani, nasi tukapewa mtu wa kuichimba. Scrubs walifanya jambo ambalo mimi nalipenda zaidi, na nitalieleza kidogo kwa sababu linapuuzwa mno.

Tangu ilipoanza mwaka 2001, Scrubs iliendeshwa na sauti ya J.D., daktari kijana ambaye tunasikia mawazo yake karibu kila dakika. Tunaiona hospitali yote kupitia kichwa chake. Katika msimu wa sita wakaiondoa sauti hiyo na kuwagawia watatu wa pembeni: Jordan mwenye ulimi mkali, Todd wa upasuaji ambaye kila neno kwake ni utani wa chumbani, na Ted, mwanasheria wa hospitali, yule mwenye kutoka jasho na kunyanyaswa na kila mkubwa anayepita. Ted tulikuwa tumemtazama kwa nje tu, mabega yameinama, faili limebanwa kifuani, na tulicheka kwa sababu hatukuwa tunajua kinachoendelea ndani. Mara tunaingia ndani. Utani haukubadilika, wala yeye hakugeuzwa shujaa, lakini mtazamaji ndiye aliyehamishwa kiti. Huo ni ufundi, na kuna mtu aliupa nyota moja kwa hoja kwamba J.D. hakuongea vya kutosha.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: zipo episodi zinazostahili hasira yenu, nami nitaungana nanyi kuzilaani. Nazungumzia zile ambazo kituo kinatumia jina la tamthiliya tunayoipenda ili kutujaribishia tamthiliya nyingine. Mwaka 1987 The Golden Girls walitoa episodi ambayo wanawake wanne wenye nyumba waligeuzwa wageni, nafasi ikachukuliwa na majirani ambao hatukuwahi kuwasikia, kwa sababu palikuwa na mpango wa kuwaanzishia kipindi chao. Mpango ulipofika hewani mwaka 1988 kwa jina la Empty Nest, wale majirani hawakuwemo, wamewekwa wengine. The Office ya Marekani nayo mwaka 2013 ilitupeleka shambani kwa akina Dwight Schrute, mmoja wa wafanyakazi wa ofisi hiyo, kutambulishwa ndugu na jamaa wa tamthiliya ambayo NBC walikuwa wameshaikataa kabla hata episodi hiyo haijarushwa. Tukabaki na bango la biashara iliyokwisha fungwa. Hapo lalamikeni hadi mishipa iwatoke. Lakini tazameni tofauti: wale hawakuwa wahusika wadogo wa tamthiliya, walikuwa wageni. Hatukuwa na deni nao lolote. Ukimchanganya jirani aliyeletwa leo na Scully tuliyekaa naye misimu mitano, hujui unachokipinga.

Jambo jingine ambalo ningelisikiliza, kama mngelisema, ni suala la idadi. Enzi ambazo msimu mmoja ulikuwa na episodi 22 au 24, kutoa moja kwa ajili ya watu wa pembeni hakukumgharimu mtazamaji chochote, na waigizaji wakuu walipata pumzi. Siku hizi misimu mingi ina episodi nane au kumi, na kila moja ina uzito wake. Mtu akisema, kwa hesabu hiyo, kwamba uamuzi wa kumpa zamu mhusika mdogo ulikuwa ghali mno msimu huu, nitabishana naye kwa heshima. Hiyo ni hoja. Kuuliza steringi yuko wapi si hoja.

Na kama mnadhani kinyume chake hakina hasara, mfikirieni Gunther, mhudumu wa mkahawa katika Friends. Friends ilirushwa kuanzia 1994 hadi 2004, episodi 236. James Michael Tyler aliitwa kusimama nyuma ya kaunta kwa sababu alijua kuitumia mashine ya kahawa, hakupewa neno la kusema hadi msimu wa pili, kisha akamgeuza yule mhudumu kuwa mtu ambaye macho yake tu, Rachel, mmoja wa wahusika wakuu sita, anapopita, yanaeleza kila kitu. Katika episodi ya mwisho kabisa akapata sekunde chache za kumwambia anampenda. Hakuwahi kupewa episodi yake hata moja katika hizo zote, na Tyler alifariki mwaka 2021. Wakati huohuo Joey, mwingine wa wale sita, ambaye tulikuwa tumeshamshiba kwa miaka kumi, alitengenezewa tamthiliya nzima iliyokufa ndani ya misimu miwili. Mimi ningebadilisha msimu mzima wa Joey kwa dakika 22 za Gunther akifunga mkahawa peke yake, usiku, baada ya wale sita kuondoka bila kulipa.

Kwa hiyo, anayetaka kunijibu katika uzi huu namwomba mambo matatu tu: taja episodi, taja tukio, na eleza utani ulioshindwa ulishindwa wapi. Ukisema Hitchcock na Scully haichekeshi, niambie ni pale wanapooneshwa vijana au pale siri inapofichuka. Aliyeruka aseme wazi kwamba aliruka, ili tusihesabu nyota yake.