Mama na MV Bukoba: nianzie wapi?

Wadau, mama alimpoteza kaka yake kwenye MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria, Mei 21, 1996. Mpaka leo honi ya meli ikilia anaganda, sufuria mkononi, povu la sabuni linadondoka. Kwa mshauri nasaha hataki: "Mimi si kichaa." Nifanyeje?

Jibu: Usimsukume. Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo. Tulimpeleka Igoma, Mwanza, kwenye makaburi ya waliokufa na meli ile, siku ya kumbukumbu, akakaa na mama mwingine aliyefiwa, wakaongea mpaka tukachoka kusubiri. Mshauri alimkubali baadaye sana.

Jibu: Igoma sawa, ila kwanza muulize marehemu alipenda kula nini. Wangu alifunguka kwa habari za senene.

Muuliza swali: Nimeuliza jana. Kacheka! Eti kaka yake alikuwa anamwibia matoke jikoni.