Mafuta ya mnanaa (yale makali ya chupa ndogo): kuyatumia na kuyahifadhi nyumbani

Swali
Wakuu, habari. Nina chupa ya ml 10 ya mafuta halisi ya mnanaa, kifuniko chake kina mrija wa kioo na kichwa cha mpira cha kubonyeza. Nataka kupaka kidogo kwenye paji la uso kichwa kikiuma, na kutia kwenye maji ya kuoga. Nyumbani kuna mtoto wa miaka 4 na paka. Niyachanganye vipi, na niyaweke wapi?

Jibu la 1
Usipake yakiwa matupu. Ml 1 ni kama matone 20, kwa hiyo kichupa chako kina karibu matone 200, na hayo ni mengi kuliko yanavyoonekana. Chukua ml 30 za mafuta ya kula yasiyo na harufu kali (vijiko viwili vikubwa), tia matone 6. Hiyo ni asilimia 1, anzia hapo. Ngozi ikikubali unaweza kufika matone 12. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, subiri siku nzima. Kwenye paji la uso kaa mbali na macho, na nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, maana watu wengi hujichoma macho kwa vidole, si kwa chupa.

Maji ya kuoga, acha. Mafuta hayayeyuki majini, yanaelea juu na kukugusa yakiwa makali vilevile, tena sehemu laini za mwili.

Jibu la 2
Naongezea kuhusu mtoto, maana hapa sipendi mzaha. Mentoli (kemikali kuu ya mafuta ya mnanaa, ndiyo huleta ule ubaridi) ikipakwa usoni au puani kwa mtoto mdogo inaweza kubana koo na kusimamisha pumzi. Chini ya miaka 2 ni marufuku kabisa. Wa miaka 4 pia usimpake usoni wala kifuani. Paka naye ini lake halivunji vizuri kemikali za mafuta haya, na akirukiwa na tone huliramba lote akijisafisha. Ukifukiza chumbani, acha mlango wazi atoke.

Mtoto akiyanywa, USIMTAPISHE. Mafuta yakiingia mapafuni ndiyo hatari kubwa. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali. Ngozi ikiwaka, futa kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya kula, ndipo sabuni na maji.

Jibu la 3
Hicho kichwa cha mpira kitoe. Mvuke wa mafuta unakilainisha hadi kinanata na kuchafua mafuta yenyewe. Funga kwa kifuniko cha kawaida cha kuzungusha, mrija uuoshe uuweke pembeni. Chupa iwe ya kioo cheusi au kahawia, isimame wima kwenye kabati lenye kufuli, mbali na jiko: yanashika moto. Plastiki nyingine huyeyushwa nayo.

Andika tarehe ya kufungua. Hewa ndiyo adui, hivyo yakibaki nusu yahamishie kwenye chupa ndogo zaidi, iliyokauka kabisa. Yakianza kuwa mazito au harufu ikipoteza ukali wake, usiyapake tena. Yaliyozeeka huwasha ngozi zaidi ya mapya.

Muulizaji
Asanteni. Na ule mchanganyiko wa ml 30 unakaa muda gani?

Jibu la 3
Unafuata umri wa mafuta ya kula uliyotumia, maana ndiyo huchacha kwanza. Tengeneza kidogo kidogo, ml 15 kwa matone 3.