Wakuu, konveta ya Harrier inaoshwaje? Fundi anasema petroli, roho yangu inasita

Kijana wa Igoma
Mwangaluka wakuu. Naomba ushauri wa haraka, kichwa kinawaka. Gari ni Harrier ya zamani, ile tako la nyani, otomatiki. Jumamosi giaboksi imenifia njiani: nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haisogei. Nimevutwa kwa kamba mpaka gereji. Boksi la mtumba nimeshanunua na fundi analifunga kesho. Shida ni konveta, lile duara kama sufuria linalokaa kati ya injini na boksi. Ya zamani bado ina oili chafu ndani, na haina pa kufungulia, imechomelewa mzunguko mzima. Fundi anasema mimina petroli, tikisa, mwaga, rudisha. Kuna aliyewahi kuosha hiki kitu kikapona? Matusi sitaki. Naomba kuwasilisha.

Sato Mkavu
Uza, nunua IST. Ushauri umeisha.

Bi Dagaa
Pole mwanangu. Umenikumbusha enzi za kivuko, kabla hawajafungua lile daraja la Kigongo–Busisi Juni 2025. Noah yangu ilikata gia tairi za mbele zikiwa ndani ya kivuko, za nyuma bado gatini. Nyuma basi la Geita linapiga honi, mbele ng'ombe wananitazama. Wakaja vijana wabeba mizigo wakanisukuma, halafu wakanidai elfu kumi, na mle ndani nilikuwa nimebeba magunia ya tajiri wao! Siku hizi kilomita 3 unavuka hata soda hujamaliza. Haya, endeleeni.

Fundi Kerezo
Mkuu maswali mawili tu. Oili iliyotoka ilikuwa na rangi gani? Na hilo boksi la mtumba mbona halikuja na konveta yake?

Kijana wa Igoma
Oili ya kawaida tu mkuu, chafu. Konveta muuzaji ameitoa, anataka elfu 80 juu. Ya kwangu nimeitikisa hailii, haina hata mkwaruzo. Sioni sababu ya kutupa kitu kizima.

Fundi Kerezo
Chafu si rangi.

Mzee Njiwa
Vijana mnapenda magari makubwa mfuko mdogo. Sisi tulianza na baiskeli, tukapanda pikipiki, gari nimenunua nina miaka 46. Hukuona dalili? Gari haifi ghafla kama kuku wa kideri.

Kijana wa Igoma
Mzee wangu shikamoo, lakini sikuomba historia.
Fundi, sawa. Ilikuwa ya pinki, nzito, ina povu. Kama chai ya maziwa iliyotiwa rangi. Fundi wangu amesema ni unyevu wa ziwa.

Fundi Kerezo
Unyevu wa ziwa! Basi Mwanza nzima tungekuwa tunatembea kwa miguu.

Sikiliza. Hayo ni maji yameingia kwenye haidroliki, yaani oili ya giaboksi. Oili hiyo inapita kwenye rejeta kupoozwa, kuna kipoozeo kidogo kimefichwa ndani ya tangi lake. Kikitoboka, maji ya rejeta na oili vinaoana. Sahani za klachi zina utando uliogandishwa kwa gundi, maji yanailegeza, utando unabanduka vipande vipande. Ndiyo maana injini inanguruma na gari imesimama.

Hivyo vipande vimeenda wapi? Vingi viko kwenye konveta. Ndani mle kuna mapanga, na kuna klachi yake ya kufunga, nayo ina utando uleule ulioloa. Ikizunguka, uchafu unatupwa ukingoni na kugandamana kama ukoko wa ugali. Petroli yako itapita katikati na kutoka safi, utafurahi, ukoko umebaki palepale. Halafu petroli haitoki yote. Inayobaki inaikata oili mpya na kushambulia sili za mpira, na kwenye gereji yenye mtu anachomelea ni moto huo.

Kuisafisha kweli ni kuipeleka kwenye kerezo, mashine ya kuchongea vyuma, uikate mshono, uifungue nusu mbili, uoshe, ubadilishe utando wa klachi na beringi, uchomelee tena, uipime kama inavuja na uibalansi. Mimi nina kerezo na siwezi kukudanganya: kukata nitakata, kuibalansi sina mashine. Lipa hiyo elfu 80.

Na leo hii fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi, tia kidole, uniambie.

Kijana wa Igoma
Nimetia. Kimetoka na utelezi wa pinki, hata sabuni ya kufulia haiutoi. Lakini mkuu, rejeta haivuji hata tone, chini pakavu kabisa. Na petroli tumeshamimina, lita 2, ilitoka safi mno. Nikibadilisha rejeta na konveta na boksi si nimenunua gari nyingine?

Fundi Kerezo
Inavujia ndani, chini utaona nini? Ukiiacha, boksi jipya litakunywa maji yaleyale. Badilisha rejeta, pitisha oili safi kwenye paipu zake kinyumenyume mpaka zitoe nyekundu tupu, halafu tia oili mpya ya giaboksi, ile T-IV, soma kiwango kwenye kijiti cha kupimia.

Jambo la mwisho, mwonyeshe fundi wako. Konveta mimina kama lita moja ya oili kabla ya kuivika, kisha isukume kwa mkono huku unaizungusha. Inaingia kwa hatua, tak, tak, mpaka ikae ndani kabisa. Boksi likikutana na injini, konveta lazima bado izunguke kwa vidole. Ikigoma, usiivute kwa bolti. Utavunja pampu ya oili ya boksi.

Mtu wa Pasiansi
Jamani subirini. Huyu mwezi wa 3 alifungua uzi humu analia kwamba kondakta wa Igoma amemla chenji ya mia mbili. Leo ana Harrier? Hii ni chai, na rangi yake kaitaja mwenyewe.

Sato Mkavu
Nani ana maandazi?

Kijana wa Igoma
Picha hiyo hapo ya konveta. Nitadanganya ili nipate nini?

Mtu wa Pasiansi
Hiyo ni sufuria ya pilau la shughuli. Leta kadi ya gari.

Bi Dagaa
Na mimi nilishaanza kumwonea huruma.

Kijana wa Igoma
Basi. Gari ni ya shemeji, mume wa dada. Yuko Dodoma kwenye mafunzo, aliniachia ufunguo niwe naipasha moto kila baada ya siku mbili. Nikaona nivuke daraja nikamsalimie mama Sengerema. Usagara geji ya joto ilipanda nikaongeza maji, nikaendelea. Kupandisha pale baada ya Busisi ndipo ikakata. Anarudi Jumapili. Dada nimemwambia gari iko kwa watu wa kuosha.

Mzee Njiwa
Mpigie shemeji yako leo. Mtu anakuozea, anakulisha, unamfichia!

Sato Mkavu
Mzee, aliyeozeshwa ni dada.

Fundi Kerezo
Kwa haki, kipoozeo hakikutoboka kwa safari moja. Ukiniuliza, miaka anatia maji ya bomba badala ya kulanti, ile dawa ya rejeta, kutu imekula polepole.

Kijana wa Igoma
Ahaa! Mmeona? Kumbe kosa ni lake. Na mimi ndiye nimetoa hela ya boksi.

Bi Dagaa
Taa ya joto nani aliiona?

Kijana wa Igoma
Geji mama, si taa. Nitampigia ikishatembea.

Mtu wa Pasiansi
Bado nasema chai.

*Siku ya pili*

Kijana wa Igoma
Wakuu, nimepata rejeta ya mtumba, imefungwa. Konveta tumerudisha ileile, muda hautoshi. Tumewasha, kuna mlio mbele ya boksi, krrr krrr, na haishiki gia yoyote. Fundi anasema ni upya, itazoea.

Fundi Kerezo
Konveta aliisukuma kwa mkono?

Kijana wa Igoma
Ilikuwa imebaki nje kama upana wa kidole. Akasema bolti zitaivuta.

Fundi Kerezo
Zima gari.

Kijana wa Igoma
Imezimwa. Nampigia yule wa konveta ya elfu 80, hapokei.