Kukodi au kununua fidla ya mtoto wa miaka 8 hapa Mombasa?

MamaZuu_Tudor
Assalam alaykum wana Mombasa, naombeni msaada. Binti yangu ana miaka 8, ameanza vayolini muhula huu na mwalimu amesema lazima apate yake ya mazoezi nyumbani, saizi ya nusu. Sasa kuna mtu anakodisha 1,500 kwa mwezi, na kuna mzazi huko Nyali anauza iliyotumika 14,000 pamoja na boksi na uta wake. Ami yake naye ameshikilia tununue kubwa kabisa ya watu wazima ati atakua nayo, tusitoe pesa mara mbili. Mimi hivi vitu sivijui, naogopa kuuziwa kibovu. Nyinyi mngefanyaje?

Baba_Wawili
Wa alaykum salaam dada. Ami mheshimuni lakini hapo msimfuate, fidla si yunifomu ya shule ununue pana mtoto aijaze. Akipewa 4/4, yaani hiyo kubwa ya watu wazima, mkono haufiki, bega linapanda, vidole vinatua pasipo pake na noti zote zinapotea, mwisho mtoto anaona yeye ndiye hawezi na anaacha. Mpime, anyooshe mkono wa kushoto pembeni upime toka shingoni hadi katikati ya kiganja. Kama inchi 20 hivi ni nusu, 22 robo tatu, 23 na kwenda juu ndo kubwa. Sasa piga hesabu, mwaka mmoja wa kukodi ni 18,000, ushapita bei ya kununua, na ukinunua ukaitunza siku akiingia robo tatu utamuuzia mzazi mwengine. Mimi ningenunua. Kukodi ni kama bado hujui ataipenda, chukua miezi mitatu tu na muandikiane kabisa uzi ukikatika nani analipa.

FundiNyuzi_001
Kabla hujatuma M-Pesa kaione kwa macho na mwalimu awepo. Washa tochi ya simu uchungulie kwa yale matundu mawili ya mbele, ndani utaona kijiti kimesimama karibu na mguu wa daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, upande wa uzi mwembamba. Hakina gundi, kimebanwa tu. Kikianguka sauti inakufa, na mtu akiendelea kukaza nyuzi mbao ya juu inaweza kupasuka, kwa hivyo zilegeze nyuzi upeleke kwa fundi. Halafu igonge taratibu kwa kifundo cha kidole ukingo wote mzunguko, pahali panapotoa mlio wa kulegea jua hapo gundi imeachia. Fidla zinazotengenezwa vizuri hutiwa gundi ya ngozi ya wanyama, na hiyo na joto na unyevu wa hapa kwetu hawapatani kabisa. Mwezi wa tano mvua zikishika hata vigingi vya kukazia nyuzi vinavimba havizunguki, ukiiweka chumba cha AC vinanywea vinateleza. Usiiache ndani ya gari juani hata kidogo. Na ikifunguka tafadhali usimpe seremala atie supagluu, hapo umemtilia kazi fundi wa kweli, itabidi avunje mbao ndo aifungue. Hewa ya chumvi inakula nyuzi, afute kwa kitambaa kikavu kila akimaliza, na uta aulegeze.

Nassor_Kibokoni
Baba_Wawili kasema kweli. Mimi naongeza, kama mtoto anasikia taarab nyumbani mpelekeni pia kwa wazee wanaopiga, hapa mjini bado wapo na wanapenda sana kuona mtoto ana hamu. Fidla ni hiyo hiyo, ila wengi wa mtindo wa Kiarabu hukaza nyuzi kwa noti G D G D badala ya G D A E anayofundishwa darasani, kwa hivyo mwambieni mapema asichanganyikiwe na asizikaze ovyo akiwa peke yake.

MamaZuu_Tudor
Allah awalipe kheri nyote. Nimempima sasa hivi, inchi 20 na nusu. Ami nimemuonyesha, amekubali ila anauliza je, ikiwa kijiti kimesimama lakini daraja limeinama kidogo kwa mbele, hiyo ni ya kukataa?

FundiNyuzi_001
La, daraja huvutwa na nyuzi kila zikikazwa, mwalimu atalirudisha kwa vidole tu. Uangalie lisiwe limepinda lenyewe kama upinde. Likiwa limepinda mwambie muuzaji apunguze, jipya linachongwa kwa fidla yenyewe na fundi halifanyi bure.

MamaZuu_Tudor
Sawa, Jumamosi tunaenda na mwalimu.