Asilimia 2 inakatwa kila mwezi. Mwakilishi wa chama shuleni ana kazi gani hasa?

Mwl. Ajira Mpya

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina mwaka mmoja na miezi minne kazini. Niko kijijini huku Tabora, mtandao unapatikana ukisimama karibu na tangi la maji tu. Jana nimefungua slipu ya mshahara nikaipitia mstari kwa mstari, mara ya kwanza tangu niajiriwe. PSSSF, mfuko wa pensheni, sawa. Bima sawa. Bodi ya mikopo inauma ila nilisoma kwa hela yao. Halafu kuna mstari wa chama cha walimu, asilimia 2. Nimepiga hesabu ya mwaka mzima, inanipa baiskeli ya mtumba, tena nzuri.

Fomu nakumbuka niliijaza siku ya kuripoti halmashauri, katikati ya rundo la makaratasi. Nilikuwa nasaini tu.

Chama chenyewe sikitaji, msije mkageuza uzi ukawa wa ushabiki. Ninachotaka kujua ni hiki: tangu nimefika sijamwona mtu wa chama. Nilichopata ni fulana ya Mei Mosi, saizi XL, na mimi nina kilo 54. Ofisini kuna karatasi imebandikwa yenye majina ya viongozi, jina la mwakilishi wa shule yetu ni la mwalimu ambaye sijawahi kumwona. Mzee mmoja wa hapa aliniambia, "Usitoke, utakuja kuona umuhimu wake siku ya siku." Siku ya siku ndiyo ipi?

Nijitoe au nibaki?

FulanaSaba

Mkuu, nina miaka kumi na moja kazini na fulana saba. Moja nafutia ubao, moja anavaa mlinzi wa jirani.

Mimi nilijitoa. Niliandika barua, nikapeleka mwenyewe. Makato hayakusita hata mwezi mmoja, yamebadilika jina tu: ada ya uwakala. Kiasi kilekile. Kwa hiyo sasa nalipa bila kupiga kura na bila hata fulana. Ukipata jibu la kueleweka nistue.

Mama Daftari

Mdogo wangu, usiondoke hapo kwenye tangi, hii ni ndefu kidogo.

Nimekuwa mwakilishi wa chama shuleni kwetu miaka sita. Nilichaguliwa kwa sababu nilichelewa kikao. Nilipoingia wote wakapiga makofi, nikadhani kuna mtu ana siku ya kuzaliwa. Tulikuwa walimu 14. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mahali penye wanachama 10 hadi 20 wanatakiwa wawakilishi watatu. Sisi tulikuwa na mmoja, kwa uvivu wetu wenyewe, hakuna aliyetunyima.

Sasa siku ya siku. Mwaka wangu wa pili kulikuwa na kijana wetu wa hisabati, darasa la sita na la saba. Akafiwa na mama yake usiku wa Jumapili. Kwao Kyela. Akampigia mwalimu mkuu, akaambiwa, "Nenda mwanangu, pole sana." Akapanda basi alfajiri. Daftari la ruhusa hakujaza. Nani anajaza daftari saa kumi usiku na mama yake amelala mochwari? Akazika, wakakaa matanga, ndugu wakaanza kuvutana kuhusu shamba la kokoa, akarudi siku ya tisa. Huku nyuma maofisa wa elimu walipita, wakakuta darasa la saba wanachora magari. Wakauliza mwalimu yuko wapi. Mkuu akaogopa, akasema hana taarifa.

Kijana hajatua hata begi akapewa barua: utoro kazini. Kwenye utumishi wa umma, kukosekana zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa la kufukuzwa. Haliishii kwa mtu kuitwa pembeni akasemwa.

Jioni akaja kwangu na majibu ameshaandika. "Naomba radhi kwa kosa nililolitenda..." Mwandiko mzuri kabisa, na mistari amepiga kwa rula. Nikamnyang'anya. Kwenye shauri la nidhamu, barua ya radhi ndiyo ushahidi wa kwanza dhidi yako, umeandika mwenyewe na umesaini mwenyewe. Yeye aliona unyenyekevu utamwokoa, maana ndivyo tulivyolelewa: mkubwa akikasirika, omba samahani kwanza, ukweli utakuja baadaye. Ofisini ukweli hauji baadaye. Faili likifungwa limefungwa.

Tukakaa na simu. Tukarudi nyuma kwenye grupu la WhatsApp la walimu mpaka Jumatatu ile. Saa 1 na dakika 12 asubuhi, mkuu mwenyewe ameandika: "Mwenzetu amepata msiba mzito, yupo njiani kuelekea Kyela. Tuchange rambirambi, mimi naanza na 10,000." Chini yake orodha ya michango yetu sote. Yaani mtu hana taarifa ila ametoa rambirambi!

Nikapiga picha za skrini, nikapanda bodaboda mpaka steshenari ya mjini kuzichapisha. Tukaambatanisha kibali cha mazishi na tiketi mbili za basi, moja ilikuwa imefuliwa mfukoni ila tarehe inasomeka. Majibu tukayaandika hoja kwa hoja, bila neno "radhi" hata moja. Katibu wa chama wa wilaya akaja na pikipiki, akasoma, akafuta aya moja niliyokuwa nimemtukana mkuu kwa adabu, akasema iliyobaki inatosha. Siku ya kusikilizwa nilikaa pembeni ya kijana. Niliongea labda dakika tano. Akatoka na onyo la kutojaza daftari la ruhusa, na hilo kwa kweli hakulijaza. Yuko kazini mpaka leo.

Na mkuu yule hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu. Naye ni mwanachama, anakatwa kama sisi. Miaka miwili baadaye alihamishwa, fedha za uhamisho hazikutoka, akaja kwangu na faili kwapani. Nikalipokea. Ndiyo kazi.

Utaniuliza: hilo lilifanywa na asilimia 2 au na wewe na simu yako? Swali la haki. Mimi silipwi, na nauli ya ile bodaboda niliitoa mwenyewe. Kilicholipiwa ni yule katibu, ambaye mashauri ya namna ile ameyaona mengi kuliko mimi, na mwanasheria kama lingefika mbele. Kilicholipiwa pia ni kile kiti. Sheria inamtambua mwakilishi: amsindikize mwanachama kwenye malalamiko na nidhamu, aseme kuhusu usalama na ustawi, afuatilie kama mwajiri anafuata sheria, na apewe muda wa kufanya hayo bila kukatwa mshahara. Bila chama ningeingia pale kama nani? Shangazi yake?

FulanaSaba kaka yangu, ada ya uwakala imo kwenye sheria hiyohiyo. Hulazimishwi kuwa mwanachama, lakini chama kinachotambuliwa na mwajiri kinaweza kukubaliana naye kwamba na wewe uchangie, kwa sababu kinachopatikana mezani unakipata. Kima cha chini cha serikali kilipotangazwa Singida, Mei Mosi 2025, kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, hakuna aliyeulizwa kadi. Ila ada hiyo haiwezi kuzidi ya mwanachama, inatakiwa ikae kwenye akaunti yake peke yake, na kuipeleka kwenye chama cha siasa ni marufuku. Hapo una haki ya kuuliza maswali, tena kwa sauti.

FulanaSaba

Simulizi nzuri dada, sikatai. Lakini umesimulia mtu mmoja mwenye moyo, hujasimulia chama. Shule yenye Mama Daftari ina bahati yake. Shule za jirani hazina na zinakatwa vilevile.

Mama Daftari

Hapo umenipiga na sina pa kujificha.

Nikuongezee risasi. Mwaka 2012, mgomo wa CWT, yaani Chama cha Walimu Tanzania, ulianza tarehe 30 Julai. Tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikausimamisha. Nilikuwa mgeni kazini kama mdogo wetu huyu. Viongozi wa taifa tuliwasikia redioni. Shuleni kwetu mtu alipita na karatasi anaandika majina ya ambao hawakuingia darasani, na aliyesimama mlangoni kumuuliza hiyo orodha ni ya nini na ameagizwa na nani alikuwa mwakilishi wetu, mama mmoja mfupi wa darasa la kwanza, na mkono bado una vumbi la chaki. Yule mtu aliikunja karatasi akaondoka. Sikumbuki hata jina moja lililotajwa redioni siku ile bila kulitafuta, ila yule mama nikimwona sokoni nabeba kapu lake.

Kwa hiyo ndiyo, ni bahati. Ila ni bahati inayopigiwa kura kwenye chumba cha walimu, na sisi kura tunampa aliyechelewa.

Mwalimu wa Ziwani

Hamjambo walimu wenzangu. Nawasoma kutoka Kenya, upande wa Nyanza.

Huku tuliona kinachotokea nambari zikiisha. KNUT, chama cha walimu cha huku, ilipinga kortini mwongozo wa TSC, tume inayoajiri walimu, wa kupandisha walimu vyeo, na mwaka 2019 korti ikasema usitumike kwa wanachama wa KNUT. Ushindi? TSC ikageuza kibao: basi wanachama wa KNUT warudi kwenye utaratibu wa zamani, na nyongeza iliyobaki ya mkataba wa 2017 hadi 2021 waikose. Walimu wawili, cheo kimoja, meza moja, mishahara tofauti kwa sababu ya chama. Watu wakahama kwa maelfu. Chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya 180,000 kilishuka chini ya 30,000 kabla ya katibu mkuu Wilson Sossion kujiuzulu Juni 2021.

Wengi husimulia hiyo kama vita vya wakubwa wa Nairobi. Lakini KNUT ina matawi 110, na ada zikikauka, njaa huanzia kwenye tawi. Ukimuuliza mwalimu wa kijijini alikosa nini miaka ile, hatakutajia mikutano ya hoteli. Atakuambia alikosa mtu wa tawi wa kuinua simu. KNUT iko tangu 1957 na imerudi kusimama, lakini kurudisha mwanachama mmoja ni kazi kuliko kumpoteza.

Mdogo wangu wa Tabora, ukitoka, toka ukijua unakoenda. Kama kuna chama kingine, uliza kina nani shuleni kwako kabla ya kuuliza makato.

Mwl. Ajira Mpya

Shukrani sana wakuu. Nimeulizia leo. Mwakilishi aliyebandikwa ukutani alihama 2022. Hakuna aliyewahi kuchaguliwa tena. Tuko walimu tisa, wote tunakatwa. Nilipouliza kwa nini, kila mtu alidhani mwenzake anafuatilia.

Mama Daftari, tunaanzia wapi? Na kama bado nikitaka kujitoa utaratibu ukoje?

Mama Daftari

Kujitoa ni rahisi: barua ya notisi ya mwezi mmoja, nakala kwa mwajiri na nakala kwa chama. Hakuna wa kukuzuia. FulanaSaba atakuelekeza njia.

Kuanza: walimu tisa mnapata mwakilishi mmoja. Andikeni barua kwa katibu wa wilaya, majina tisa na saini tisa, mkiomba siku ya uchaguzi. Wala usiitume kwa picha ya simu. Ipeleke kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri hujaandika. Kwenye hiyohiyo ombeni taarifa ya mapato na matumizi iliyosomwa kwenye mkutano wa mwisho. Wakikawia, pelekeni ya pili ikitaja tarehe ya ya kwanza. Mara nyingi ya pili hujibiwa.

Atakayechaguliwa anunue kauntabuku. Si kwa ajili ya chama. Kwa ajili ya nani alipanda daraja lini, nani anadai likizo, nani aliomba ruhusa kwa simu na alijibiwa nini. Kila mwalimu anayekuja na shida anakuja amesahau tarehe. Mimi nina nne sasa, na jina langu la humu limetokea huko.

Kingine: mwalimu mkuu wenu mwambieni mapema kwamba mnafanya uchaguzi. Asisikie kwa mpishi.

FulanaSaba

Atakayechaguliwa aulizie na fulana za saizi ndogo.

Mwl. Ajira Mpya

Mrejesho. Barua imegongwa muhuri jana, nilienda nayo mwenyewe. Katibu amepiga simu leo asubuhi, nimemsikia vizuri tu nikiwa nimepanda juu ya ngazi ya tangi. Anakuja Ijumaa, kikao ni saa nane mchana.

Nitawahi.