Nakshi za mbao kwenye misikiti ya Kimalay zina maana au ni urembo tu?

mtembezi_wa_pwani:
Habari wadau. Niko Malaysia kikazi, wikiendi nikapanda hadi Kelantan kuuona msikiti wa Kampung Laut, ule uliokuwa ukingoni mwa mto mafuriko ya 1967 yakauharibu ndo wakaufungua kipande kwa kipande na kuuhamishia Nilam Puri, mbao zake zimeshikana kwa vigingi bila misumari. Jioni nikasali msikiti mwingine mdogo wa kijijini, juu ya madirisha kuna mbao zimetobolewa majani na maua yamepitana hadi macho yanapotea, nikatafuta shina linaanzia wapi sikuliona. Kuna maana hapo? Na mbona hamna hata ndege mmoja?

patasi_na_msasa:
Mkuu umeuliza penyewe. Mimi ni fundi, nilikaa Terengganu, huko huko Malaysia, kwa mzee mmoja mchongaji. Hiyo mistari inayotambaa wanaiita awan larat, yaani wingu linalokwenda likijivuta. Shina lina chanzo chake, wao wanasema punca, na fundi mzuri anakificha makusudi chini ya jani au ua. Halafu angalia ncha za majani, kila moja inajikunja kabla haijamchoma mwenzake, mzee alikuwa akiona ncha inaelekea kugusa jani la jirani anakufutisha mchoro wote unaanza upya. Alisema mtu akikua asimuumize wa pembeni yake.

Kazi yenyewe unabandika mchoro kwenye ubao, unatoboa tundu, unapitisha msumeno mwembamba, ndo patasi inafuata. Mti ni cengal, mgumu balaa, mchwa hauuwezi. Na yale matundu si urembo tu, kule joto na unyevu ni mwingi, hewa inapita humo.

ummu_mwanga:
Kuhusu ndege, ni msikiti, wachongaji wanaepuka sura za viumbe wenye roho. Wamebaki na mimea, jiometria na aya za Qurani, hasa kwenye mimbari. Maua ni ya kwao wenyewe, cempaka, ketumbit, vitu vinavyoota uani.

mlango_wa_lamu:
Sisi Lamu twachonga mlango lakini ubao waachwa mzima, upepo haupiti. Kutoboa hivo na ubao usipasuke yataka mkono kwelikweli. Kinachoniuma ni hizi mbao za mashine naziona siku hizi, jani moja limerudiwa mara mia, hata ncha zagongana, hakuna aliyekaa akafikiri.

mtembezi_wa_pwani:
Jamani nimerudi leo alfajiri kabla sijaondoka. Jua lilipotoka maua yote yakalala kwenye mkeka, mzee mmoja kanishika mkono kanionyesha kona ya chini kushoto, chini ya jani lililokunjwa kuna kitu kidogo kama kokwa ya tende. Shina lote linatokea hapo.